Gereza Lilikuwa Kanisa

Hati ya wito ikifika Mfaranyaki, hapa Songea, habari huenea kabla karatasi haijasomwa. Mleta barua wa mahakama ameshuka kwenye bodaboda, ameulizia jina kwa watu watatu, amesainisha kitabu chake, ameondoka. Karatasi yenyewe haina maneno mengi: jina la mahakama, namba ya shauri la madai, jina la mdai, jina la mdaiwa, tarehe na saa. Jirani akichungulia, jicho lake haliendi kwenye tarehe. Linakwenda moja kwa moja kwenye neno mdaiwa. "Kumbe mzee anadaiwa!" Jioni ikiingia, kijiweni hakuna tena anayeuliza kama ni kweli. Kinachoulizwa ni shilingi ngapi.

Mahakama haikusema hivyo. Ilichosema ni kwamba kuna mtu amefungua madai, na mwingine anatakiwa kuja kuyajibu. Huenda ugomvi wenyewe ni wa mpaka wa shamba, wala hakuna aliyemkopesha mwenzake hata senti moja. Lakini Kiswahili kimempa mtu anayejibu madai jina lile lile la mtu mwenye deni. Bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu inapowatangaza wadaiwa sugu, haina maana ya watu wanaosubiri kusikilizwa. Ina maana ya watu waliochukua fedha na hawajarudisha. Neno ni hilo hilo, na mzee wa Mfaranyaki anaingia mahakamani akiwa amekwisha kuhukumiwa na msamiati.

Maneno ya sheria si vyombo vitupu. Yana ukoo na historia, na mengine yana madhambi ya zamani yanayoendelea kumfuata raia hadi leo. Ili kuyaona vizuri, inafaa kuyaweka kando ya lugha ambayo maneno yake ya sheria yalichaguliwa mezani, na mtu mmoja, kwa hiari yake.

Lugha hiyo ni Kiesperanto. Ludwik Zamenhof, daktari wa macho, alikitangaza mjini Warsaw mwaka 1887 kwa kijitabu chenye mizizi ya maneno takriban 900. Watanzania wengi walikisikia kwa mara ya kwanza Agosti 2024, Kongamano la Dunia la Kiesperanto, la 109, lilipofanyika Arusha. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mkutano huo kukanyaga ardhi ya Afrika. Tena ulifika katika mji wa mahakama: Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ina makao yake hapo, Mahakama ya Afrika Mashariki ipo hapo, na mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilifanya kazi hapo hadi 2015.

Zamenhof hakubuni maneno ya sheria kutoka hewani. Aliyaokota Ulaya, hasa katika lugha zilizozaliwa na Kilatini. Kuhukumu ni juĝi, neno lenye sura ya Kifaransa. Sheria ni leĝo, mkataba ni kontrakto, wakili ni advokato. Kati ya kanuni zake 16 za sarufi, ya 15 inasema waziwazi kwamba neno ambalo lugha nyingi zimelichukua kutoka chanzo kimoja huingia bila kubadilishwa, ila tahajia tu. Kisha viambishi vinaanza kazi. Kutoka juĝ linapatikana juĝo, hukumu. Juĝisto, mwenye kazi ya kuhukumu. Juĝejo, mahali pa kuhukumia. Anayeshtaki ni akuzanto, anayeshtakiwa ni akuzato.

Mswahili akiyasoma hayo haoni ajabu yoyote. Hukumu, hakimu, mahakama: mzizi mmoja wa Kiarabu wa herufi tatu umezaa yote, pamoja na hekima. Tofauti ni kwamba Kiesperanto kilichukua mzizi kikajizalia watoto chenyewe, na Kiswahili hapo kilichukua familia nzima, wazazi na watoto, wakiwa wamekwisha kukua. Penginepo Kiswahili kilifanya kama Zamenhof, tena mamia ya miaka kabla yake. Neno dai lilikuja kutoka Kiarabu. Herufi m ya mwanzo na silabi wa ya mwishoni zilikuwa hapa hapa nyumbani. Mdai, mdaiwa, mshtaki, mshtakiwa, mrufani, mrufaniwa. Sarufi ya Kibantu iliyakaribisha maneno ya wageni, ikayavika nguo zake.

Ila daktari yule wa macho aliona jambo moja ambalo pwani haikuliona. Mwenye deni, kwa Kiesperanto, ni ŝuldanto, kutoka neno la Kijerumani Schuld. Wajerumani wenyewe hulitumia neno hilo kwa deni na kwa hatia pia. Zamenhof akalipokea kwa deni tu. Hatia akaipa neno jingine, kulpo, la Kilatini. Kwa mkato mmoja wa kisu alitenganisha mambo ambayo Kijerumani kimeyafunga pamoja kwa karne nyingi. Katika "mdaiwa" Kiswahili bado hakijakata.

Hapa haitakiwi kukionea Kiswahili. Ng'ambo ya Ziwa Nyasa, wasemao Kichewa nchini Malawi wana neno mlandu, nalo hubeba kesi na hatia kwa pamoja. Kiswahili kwa upande huo kina akili zaidi. Kosa ni neno la Kibantu, ni tendo. Hatia ilitoka Uarabuni, ni hali ambayo mahakama pekee ndiyo yenye mamlaka ya kuitangaza. Ibara ya 13 ya Katiba ya mwaka 1977 inaegemea tofauti hiyo hiyo: mtu aliyeshtakiwa kwa kosa hatendewi kama mkosaji mpaka hatia ithibitike. Kila gazeti linapomwita mtuhumiwa mwizi siku ya kwanza ya kukamatwa, linaivuruga tofauti ambayo lugha yenyewe ilikwisha kuitengeneza bure.

Sasa tuingie gerezani. Wanazuoni wa lugha wanalipeleka neno gereza hadi kwenye igreja, kanisa kwa Kireno. Kwa masikio ya leo ni kama dhihaka, lakini kwenye mawe linaeleweka. Wareno walipotawala pwani walijenga makanisa na ngome. Walipofukuzwa mwishoni mwa karne ya 17, Waomani walijenga Ngome Kongwe ya Unguja mahali palipokuwa na kanisa lao. Jengo lenye kuta nene hubadilisha wapangaji kwa urahisi: jana lilikuwa la ibada, leo la askari, kesho la wafungwa. Jina likabaki ukutani. Kule Kilwa Kisiwani ngome ya kale inaitwa Gereza hadi leo, na mtalii anayeambiwa "twende tukaone Gereza" hana haja ya kuogopa. Mombasa nako, Fort Jesus ilifanywa jela na Waingereza kuanzia 1895 hadi 1958.

Kiesperanto kinasema malliberejo. Ukilifungua vipande vipande unapata mal, kinyume, liber, huru, ej, mahali. Mahali pa kutokuwa huru. Ni neno safi, halina kumbukumbu ya kuta zozote. Zanzibar nayo ilipochoka na neno gereza haikutafuta usafi wa namna hiyo, ilikwenda mbali zaidi: magereza yake yanaitwa Vyuo vya Mafunzo, na mfungwa huko huitwa mwanafunzi. Kanisa, mahali pa kukosa uhuru, chuo: majina matatu kwa chumba kimoja chenye nondo dirishani. La Zanzibar lina nia njema kuliko yote, na ndilo linalomchanganya zaidi mtoto anayeambiwa kwamba baba yake yuko chuoni.

Kabla ya Mreno na kabla ya Mwarabu, watu wa huku walikuwa wanashitakiana kwa maneno gani? Waliamua na waliapa. Kuamua ni neno la Kibantu lenye familia kamili: mwamuzi, uamuzi, maamuzi. Waliotafsiri Biblia walilichagua hilo kwa kitabu cha Waamuzi, wala hawakuona haja ya kuwaita Mahakimu. Mahakama za leo zimemfanya nini mwamuzi? Zimempeleka uwanjani apulize filimbi. Na uamuzi wake umekatwa kimo: jambo la katikati ya kesi, kama pingamizi la awali, hutolewa uamuzi mdogo; jambo la mwisho hutolewa hukumu. Mwenye nyumba amelala sebuleni, mgeni amepewa chumba.

Kuapa nako kuna siri yake. Mswahili hasemi anatoa kiapo tu, anakula kiapo. Kitenzi hicho hakikuletwa na Mwingereza wala na Mwarabu. Kamusi za wamisionari wa karne ya 19 zinaeleza kiapo kuwa si maneno matupu ya mdomoni. Kilikuwa jaribio la mwili, mfano shoka lililopashwa moto, na mkweli alitarajiwa kutoka salama. Huko bara kulikuwa na mwavi, dawa ya kunywa, ambayo mkosaji ingemshinda. Kiapo kwa hiyo kililiwa na kunywewa kweli. Shahidi anayenyanyua Biblia au Kurani leo hajui kwamba kitenzi anachokitumia kinakumbuka sumu.

Tabaka la Kiarabu ndilo lililotanda juu ya yote. Sheria, haki, hukumu, shahidi, wakili, wasia, mirathi, talaka, rehani, dhamana, fidia, jinai, batili. Sababu inajulikana: miji ya pwani ilikuwa na kadhi, na kadhi alikuwa na vitabu. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alieleza desturi za watu wake katika kitabu alichokitoa Carl Velten mwaka 1903, na msomaji wa leo hapotei anapokuta mambo ya ndoa, deni na urithi, kwa kuwa maneno mengi ni yale yale ya mahakama ya mwanzo ya sasa. Kinachopotea ni cheo. Kadhi aliyekuwa mwamuzi wa mji, Kenya na Zanzibar amebakiwa na ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu. Liwali, aliyekuwa mkuu wa mji, ametoweka kabisa. Sheria yenyewe, ambayo kwa Kiarabu ni njia ya Mungu, imeshuka hadi kwenye sheria ya kuotea.

Si kila neno lilishuka. Wakili, ambaye asili yake ni mtu anayesimama badala ya mwingine, amepanda hadi kuvaa joho jeusi na kuitwa msomi na mawakili wenzake. Ndugu yake wa mzizi mmoja, wakala, amekaa kwenye kibanda cha pesa za simu kona ya mtaa. Kazi zao ukiziangalia kwa makini ni moja: kila mmoja anafanya jambo kwa niaba ya mtu asiyekuwepo, na anachukua ada.

Mjerumani alipofika hakuleta maneno mengi ya sheria. Alichukua ya hapa akayaandika kwa tahajia yake. Kikao cha kusikiliza kesi za Waafrika mbele ya boma kiliitwa Schauri katika maandishi ya maofisa wake, na neno shauri likaingia katika Kijerumani cha kikoloni kama Waswahili walivyolichukua kutoka kwa Waarabu, likiwa na maana ya kushauriana. Ushauri wenyewe ulikuwa wa aina yake. Aliyeshindwa aliondoka na hamsa ishirini, viboko 25, na hakuwa na pa kukata rufaa.

Songea inalijua hilo kuliko mji mwingine wowote. Vita vya Maji Maji, vilivyoanza 1905, viliishia hapa kwa vitanzi. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Wangoni, ambao mji unawakumbuka kwa hesabu ya 67. Walizikwa pamoja katika kaburi moja. Nduna Songea Mbano, aliyeupa mji jina, ana kaburi lake peke yake. Nkosi na nduna yalikuwa maneno ya mamlaka yaliyosafiri kutoka kusini mwa Afrika pamoja na Wangoni, na ndiyo maneno ambayo hayakupata nafasi katika msamiati wa mahakama uliofuata. Wenye kuyabeba walinyongwa. Lugha ya sheria hupoteza maneno kwa njia hiyo pia, na kamusi haioneshi pengo.

Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Makumbusho ya Maji Maji akaomba msamaha kwa yale yaliyotendwa. Katika mambo kama hayo ni rahisi kucheza na maneno matatu kana kwamba ni mamoja: radhi, msamaha, fidia. Si mamoja. Radhi ni ya moyo. Msamaha hutolewa na aliyekosewa, kama akipenda. Fidia ni neno la mahakamani, lina hesabu, lina ushahidi wa hasara, lina anayelipa na anayepokea, na mwisho wake huandikwa kwa tarakimu. Anayeyachanganya anawanyang'anya wajukuu wa Songea neno ambalo huenda wakalihitaji.

Mwingereza alikuja na jaji. Mpaka leo hakuna anayeshangaa kwamba Mtanzania akipanda ngazi za mahakama anakutana kwanza na hakimu, wa Kiarabu, kisha na jaji, wa Kiingereza. Hakuna sababu ya kilugha. Hakim kwa Kiarabu anaweza kuwa mtawala mwenye nchi. Sababu ni ya 1920, Mahakama Kuu ya Tanganyika ilipoanzishwa kwa amri ya mfalme wa Uingereza: majaji walikuwa Waingereza, sheria ilikuwa ya Kiingereza pamoja na sheria zilizotungwa kwa ajili ya India, na lugha ilikuwa moja. Chini yao kulikuwa na mabaraza ya wenyeji. Sheria ya mwaka 1929 ilitenga mabaraza hayo kabisa na Mahakama Kuu. Rufaa zake zilikwenda kwa watawala wa wilaya na jimbo, hadi kwa Gavana. Ofisa wa wilaya akaitwa Bwana Shauri, jina la mtu anayekusanya kodi asubuhi na kusikiliza kesi mchana.

Basi Kiswahili kikawa lugha ya sheria ya chini, Kiingereza lugha ya sheria ya juu, na maneno yakajipanga kwenye ngazi hiyo. Mtaani watu wana kesi, mahakamani kuna shauri. Anayekaa kizuizini yuko rumande, mwenyewe ni mahabusu. Hata uhuru haukuibomoa ngazi, uliipaka rangi. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1963 ilifuta mabaraza ya kikabila na kuzaa mahakama ya mwanzo, ambako Kiswahili ndicho kilichotumika na mawakili hawakuruhusiwa kuingia kwa miongo mingi. Sheria ya 1984 ikaendeleza mpango ule ule. Mahakama ya wilaya iliruhusu lugha zote mbili, ila hukumu ikaandikwa kwa Kiingereza. Mahakama Kuu ikabaki na Kiingereza chake.

Hebu tulitazame hilo kwa karibu, kama lilivyokuwa miaka ile kabla ya 2021. Shahidi wa Mfaranyaki amesimama kizimbani katika mahakama ya wilaya, anasema: "Nilimkuta kashika panga, nikamwambia mwanangu acha." Hakimu anasikia Kiswahili, mkono wake unaandika Kiingereza. Hapo hapo, bila mkalimani, bila kamusi, kwa kalamu ya wino. Mwanangu huyo ni mtoto wa kuzaa, mpwa, au kijana yeyote wa mtaani anayeitwa mwanangu kwa heshima ya umri? Kiswahili hakijali, ushahidi unajali sana. Miezi baadaye mshtakiwa anapewa nakala ya hukumu iliyojengwa juu ya maneno ambayo shahidi hakuyasema, kwa lugha ambayo mshtakiwa haisomi, ili akate rufaa. Na rufaa hiyo "anaikata" kwa kitenzi cha Kibantu, kile kile cha kukata shauri.

Haikuwa kwa kukosa maneno. Kitivo cha Sheria kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961, na mkuu wake wa kwanza, A. B. Weston, alilivalia njuga suala la Kiswahili cha sheria mapema; mwaka 1968 ikatoka orodha ya istilahi aliyoifanya pamoja na Sheikh M. Ali. BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, iliundwa kwa sheria ya Bunge 1967 na ikaendelea kusanifu istilahi. Katiba yenyewe ipo kwa Kiswahili, na hakuna aliyesema haieleweki. Maneno yalikuwepo kabatini. Yalichokosa ni jaji wa kuyatumia.

Ndiyo maana mfano wa Kiesperanto unafundisha kwa upande wake wa pili pia. Kina maneno ya sheria yenye mpangilio kuliko ya Kiswahili. Kina rajto kwa haki ya mtu, justeco kwa haki kama uadilifu, leĝo kwa sheria iliyotungwa, juro kwa elimu ya sheria. Kiswahili kinayabeba yote hayo kwa haki na sheria tu. Lakini Kiesperanto hakina dola, polisi wala mahakama, na hakuna aliyelala rumande kwa sababu ya tofauti kati ya juro na leĝo. Neno la sheria hukomaa linapogombaniwa na pande mbili, kila upande una la kupoteza, halafu mtu mwenye mamlaka anasema: hapa maana yake ni hii. Kamusi haiwezi kufanya kazi hiyo hata ikiwa nzuri namna gani.

Jaji Zepherine Galeba aliifanya. Akiwa Mahakama Kuu Musoma, aliandika kwa Kiswahili uamuzi wa shauri lililouhusu mgodi wa dhahabu wa North Mara. Tarehe 1 Februari 2021, Siku ya Sheria, Rais John Magufuli alimsifu mbele ya majaji waliokusanyika Dodoma na kumteua kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani. Mwezi huo huo Bunge lilipitisha Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Namba 1 ya 2021, ikaigusa Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, na kukifanya Kiswahili lugha ya sheria na ya mahakama. Kanuni za 2022 zikaeleza mazingira ambamo Kiingereza bado kinaweza kutumika. Wapo walioona ile ilikuwa siasa. Huenda. Lakini mlango uliofungwa tangu 1920 ulifunguliwa, na aliyeusukuma kwanza alikuwa mwandishi wa hukumu.

Kazi iliyobaki si ya kutafuta maneno mapya, ni ya kuyatenganisha yaliyopo. Chukua mdhamini. Shangazi anayekwenda kituoni kumtoa mpwa wake ni mdhamini. Kampuni inayonunua jezi za timu ni mdhamini. Wazee wanaoshika hati ya kiwanja cha msikiti au kanisa ni wadhamini, tena wana bodi. Sheria inawapa watu hao watatu wajibu usiofanana hata kidogo: mmoja anaweza kulipa fedha mpwa akitoroka, mwingine anatafuta matangazo, wa tatu anashika mali isiyo yake. Au chukua kanuni. Neno hilo lilizaliwa Ugiriki, likapita kwa Waarabu, likafika kwetu. Sasa Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ni sheria kamili ya Bunge, na kanuni anazotunga waziri chini ya sheria nyingine ni kitu kidogo kinachoweza kufutwa kwa kuvunja sheria mama. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hulipa gharama ya neno hilo moja kwenye mtihani.

Kuna vijineno vidogo zaidi ambavyo vinaudhi bila sababu. Katiba inasema Mahakama ya Rufani. Mtu hukata rufaa, na Wakenya wana Mahakama ya Rufaa. Zanzibar ina Mrajis, Bara ina Msajili. Mkuu wa shughuli za mirathi na udhamini serikalini anaitwa Kabidhi Wasii Mkuu, cheo kinachosikika kama kimetoka kwenye barua ya karne iliyopita, na ambacho, kusema kweli, ni kizuri kiasi kwamba itakuwa hasara kukifuta.

Kwa "mdaiwa" lakini hakuna cha kuhifadhi. Kiswahili kina mjibu maombi, kina mjibu rufaa. Hakishindwi kuwa na mjibu madai. Neno hilo linaeleweka na mtu asiyewahi kuingia mahakamani, halimtangulizii mtu deni, na linamwambia kazi yake ni nini: kujibu. BAKITA inaweza kulisanifu, lakini jaji mmoja wa masjala ndogo ya Mahakama Kuu Songea akiliandika kwenye hukumu tano mfululizo litafika mbali zaidi na upesi zaidi.

Mpaka hapo litakapoandikwa, fomu ni ile ile. Msomaji wa Mfaranyaki, au wa kokote kule, ukiletewa hati yenye jina lako mbele ya neno mdaiwa, usiende na fedha mfukoni na usikae nyumbani kwa hasira ya kuitwa mwenye deni. Nenda na nyaraka zako na mashahidi wako, siku ile ile na saa ile ile iliyoandikwa. Usipotokea, shauri linaweza kusikilizwa upande mmoja.